Eti Kinjeketile ni tanzia? Tamthilia ya kusoma na tamthilia ya kuchezwa

Binti wa dada yangu yuko kidato cha tano, anasoma HKL (yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza), juzi kanitumia voisi saa nne usiku: "Anko samahani, umelala? Mwalimu kasema Kinjeketile ni tanzia kwa sababu kuna vifo, ila mi nimesoma hadi mwisho naona kama yule jamaa ndo ameshinda, sasa niandikeje?" Anasema ile tamthilia ya Ebrahim Hussein ya vita vya Maji Maji, vya kupigana na Wajerumani. Nikaitupa ile voisi kwenye grupu letu la watu tuliosoma fasihi pamoja miaka hiyo, nikidhani ntapata jibu la dakika mbili. Wapi. Mpaka saa saba usiku watu wanarushiana maneno, na ugomvi wenyewe ulishaacha kuwa wa Kinjeketile, umekuwa eti tamthilia ni kitu cha kusoma au ni kitu cha kuchezwa, na kama hujawahi kuuona mchezo jukwaani unapata wapi ujasiri wa kusema ni wa aina gani.

Nianze na hilo neno lenyewe maana nadhani nusu ya tatizo liko hapo. Tanzia kwa sisi wengine wote ni habari ya msiba. Ukiamka asubuhi ukakuta grupu la ukoo limeandika TANZIA kwa herufi kubwa unajua kuna mtu katutoka, unauliza ni nani na mazishi lini. Wataalamu walipotafuta neno la Kiswahili la ule mchezo wa huzuni wa Wagiriki wakalichukua hilohilo, na kiukweli ni neno zuri, lina uzito, lakini limekuja na mzigo wake: mwanafunzi akiona maiti anaandika tanzia, asipoiona anaandika ramsa au futuhi, yaani mchezo wa kuchekesha, kazi imeisha. Wakati ule mchezo wa Sofokile ambao mwanafalsafa Aristotle anaurudiarudia kama mfano, wa Mfalme Edipode, mwenyewe Edipode hafi! Mke wake (ambaye ndo mama yake mzazi) anajinyonga, yeye anajitoboa macho, anabaki hai na aibu yake. Kinachoufanya uwe tanzia ni kwamba mtu mkubwa anaporomoka kwa kosa lake mwenyewe, kosa la kutojua, na kila hatua aliyopiga kuukimbia ule mkosi ndiyo iliyompeleka kwenye mkosi. Idadi ya marehemu haihusiki.

Aina zingine nazipitia haraka, zipo kwenye kila notisi. Ramsa au komedi, mambo yanavurugika halafu yanakaa sawa, mara nyingi kwa harusi. Tanzia-ramsa, vyote viwili kwenye chungu kimoja. Melodrama, mwema ni mwema hadi kucha na mbaya ni mbaya hadi kucha, yaani zile tamthilia za kwenye TV ambazo siku hizi zimetunyang'anya hata neno, maana ukimwambia mtu wa Dar unapenda tamthilia anakuuliza ya Kituruki au ya Kifilipino. Kuna tamthilia ya kihistoria, kuna ya ubwege ambako watu wanasubiri kitu ambacho hakiji. Basi.

Sasa wale wa kambi ya jukwaa kwenye grupu letu hoja yao ilikuwa hivi: aina ya mchezo haikai kwenye kitabu, inaamuliwa ukumbini, na tamthilia iliyoishia kwenye karatasi ni posa iliyoishia kwenye barua. Jamaa mmoja akatoa mfano ambao mi ulinimaliza, Mabepari wa Venisi, ile kazi ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere ikatoka 1969. Kwenye ule mkusanyo mkubwa wa kazi za Shakespeare wa mwaka 1623 mchezo huu umepangwa na komedi. Na kweli ukiufuata msuko wake ni komedi, wapenzi wanaoana, pete zinapotea zinapatikana, mwisho watu wako bustanini na mbalamwezi. Ila katikati yupo Shylock, Myahudi anayetukanwa na kutemewa mate, anadai mahakamani akatiwe ratili ya nyama ya mwili wa Antonio aliyeshindwa kumlipa deni, anapoteza kesi, anapoteza mali, analazimishwa kubadili dini, halafu anaondoka akisema hajisikii vizuri. Kwa muda mrefu Uingereza aliigizwa kama kituko cha kuchekwa au kama mtu mbaya wa kutisha. Mwaka 1814 mwigizaji Edmund Kean akasimama London kwenye ukumbi wa Drury Lane akamcheza kama binadamu mwenye akili na hasira na uchungu, na tangu hapo ni vigumu kumcheka yule mzee bila kujishtukia. Kilichobadilika ni mtu mmoja na namna alivyosimama, akaivuta komedi upande wa tanzia. Sasa niambie, anayesoma peke yake kitandani ataijuaje hiyo?

Mi hapo nilikuwa nimeshakubali yaishe. Lakini dada mmoja, anafundisha sekondari huko mikoani, akaja na kitu kwenye mfano huohuo. Akasema angalieni jina. Kwa Kiingereza ni mfanyabiashara mmoja tu wa Venisi, tena huyo mfanyabiashara ni Antonio, siyo Shylock. Mwalimu kaandika Mabepari, wengi, na kaandika bepari, neno ambalo mwaka 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha la ujamaa, lilikuwa karibu na tusi. Kwa hiyo kabla mwigizaji hajavaa hata kiatu, kalamu imeshageuza mchezo, aliyeshika ile nakala Dodoma au Songea anaingia akijua anasoma habari za watu wa mtaji wanaotafunana, Antonio naye yumo. Hiyo kazi imefanywa na neno kwenye jalada bila jukwaa. Nikakaa kimya.

Na hao wa kambi ya kusoma wana mzee wao mkubwa, ni huyohuyo Aristotle. Kwenye ule mjadala wake wa ushairi ametaja vitu sita vinavyojenga tanzia: msuko, wahusika, fikra, lugha, muziki, na kinachoonekana kwa macho. Hicho cha macho amekiweka mwisho kabisa akasema nguvu ya tanzia ipo hata bila waigizaji. Yaani mtu aliyeishi Athens, mji uliokuwa na mashindano ya michezo hii kila mwaka, anakwambia ukumbi siyo lazima! Sijui kama ningemkubalia ila siwezi kumpuuza.

Tukirudi kwa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, imetoka 1969 pia, kule ndo naona kila upande una kitu cha kuonyesha. Kinjeketile Ngwale wa kwenye historia alikuwa mganga wa Ngarambe aliyewaambia watu maji yake yatageuza risasi za Wajerumani kuwa maji, Wajerumani walimnyonga tarehe 4 Agosti 1905 vita vya Maji Maji vikiwa ndo kwanza vimeanza, vikaendelea hadi 1907 bila yeye. Kwenye utangulizi wa kitabu Hussein anamweleza msomaji kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa fikra, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Msomaji anaupata huo utangulizi. Mtazamaji hapati, anaingia ukumbini, taa zinazimwa, anatoka akiamini ameona historia ya Tanganyika. Hapo kitabu kimeshinda.

Lakini njoo kwenye pale Kinjeketile anapoingia mtoni. Kwenye karatasi unasoma kwa sekunde chache tu, ameingia, watu wanasubiri, ametoka. Jukwaani ile kusubiri ndo mchezo wenyewe! Umati umesimama unaangalia maji ambayo hayapo, na wewe kwenye kiti chako unaangalia nao, ukiwa unajua fika nyuma ya pazia pale kuna mwanafunzi wa chuo amechuchumaa, bado moyo unadunda, na ghafla unaelewa kwa nini watu wa makabila yaliyokuwa hayaelewani waliamini maji yanageuza risasi. Mwanafunzi anayesoma anauliza "hivi walikuwa wajinga?", ila aliyekaa ukumbini hana ujasiri wa kuuliza hivyo kwa sababu hata yeye alisubiri.

Na ndo maana mi ugomvi wangu haswa ni na zile orodha za vipengele tunazofundisha. Wahusika, msuko, mandhari, matumizi ya lugha, dhamira, ujumbe, falsafa. Ukiiangalia vizuri hiyo orodha ni ya riwaya, wameikopa wakaivalisha tamthilia. Maelekezo ya jukwaani, yale maandishi ya mlazo kwenye mabano, wanafunzi wengi wanayaruka kama matangazo. Nani yupo jukwaani lakini amenyamaza, hakuna anayeuliza. Halafu wanafundishwa kwamba tofauti ya tamthilia na riwaya ni kuwa tamthilia haina msimulizi, wakikutana na Nguzo Mama ya Penina Muhando wanakwama, kwa sababu mule kuna Bi Msimulizi kabisa, anasimulia hadithi ya wanawake wanaohangaika kuisimamisha nguzo iliyolala na wanashindwa, tena mama yule katoa huo mtindo kwenye utambaji wetu wa hadithi, siyo Ugiriki. Hussein naye kwenye Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi (1976) kampa jukwaa mtambaji peke yake. Kwa hiyo ukisema tamthilia ni mazungumzo ya wahusika bila msimulizi umewafukuza wazee wetu wawili nyumbani kwao wenyewe.

Ila nisiwe mnafiki, kambi ya jukwaa nayo ina kiburi. Rahisi kusema "mchezo uchezwe" ukiwa mjini. Nenda shule yenye wanafunzi tisini darasa moja na nakala sita za kitabu, hakuna ukumbi, umeme wa mashaka, mwalimu ana vipindi thelathini kwa wiki, halafu mwambie aandae jukwaa. Kusoma ndo kitu pekee walichonacho. Na kuigiza vibaya pia kunaua. Sisi shuleni kwetu, ya wavulana watupu, tuliwahi kucheza igizo lenye mama anayelilia mwanae, jamaa mmoja wa kidato cha tatu kavalishwa khanga mbili na kilemba, alivyofungua mdomo tu "mwanangu weee" bwalo zima likaanguka kwa kicheko, hadi mkuu wa shule. Tulicheza siku mbili na zote mbili ikawa vichekesho. Mwandishi alituandikia tanzia, khanga ikaigeuza ramsa. Kwa hiyo wanaosema ukumbi ndo unaamua aina wako sahihi, tatizo ukumbi wakati mwingine unaamua upumbavu.

Kitu kingine ambacho kila nikikifikiria kinanivuta huku na huku ni Kamirithu, kule Limuru, Kenya. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii na wanakijiji, vibarua na wakulima, walicheza mchezo wa Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, Novemba serikali ikafuta kibali, mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Mwaka huohuo alikuwa ametoa riwaya ya Kiingereza inayosema mambo makali vilevile na haikupigwa marufuku. Kilichotisha ni watu wale kuyasema kwa mdomo wao, kwa lugha yao, mbele ya majirani. Na wala siyo ya zamani tu, Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere, hukohuko Kenya, walienda Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la maigizo na mchezo wao Echoes of War, polisi na mabomu ya machozi vikafuata, ilhali maneno yaleyale yangekaa kwenye daftari yasingemsumbua mtu. Ushindi wa jukwaa huo, sina ubishi.

Lakini Kamirithu ukumbi ulibomolewa 1982. Ule mchezo umebaki wapi? Kwenye kitabu. Ulichapwa kwa Kikuyu 1980, ukaja kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda, mi nimeusoma Dar nikiwa sijawahi kukanyaga Limuru. Buldoza halina namna ya kubomoa nakala iliyoko chini ya godoro la mtu.

Kwa hiyo nimesimama wapi? Mi naona isomwe, sababu ndicho tulichonacho, ila isomwe kama mtu anayejiandaa kuicheza kesho. Na kinachochekesha ni kwamba mtihani tayari una swali la hivyo na tunalichukulia la kukariri. Kule Kenya kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, wanapenda sana "Eleza muktadha wa dondoo hili", alama nne: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, kwa nini. Haya ndo maswali ya kwanza ya mwigizaji akipewa karatasi yake! Ongeza la tano tu, nani mwingine anasikia na amenyamaza, utaona darasa linavyoamka. Hata bila jukwaa, wasimame wanne pale mbele wasome kwa sauti, mmoja akae kimya, inatosha.

Na swali la binti? Nilimwambia hivi: vita vimeshindwa, watu wamekufa, Kinjeketile mwenyewe aliingiwa na mashaka kabla watu wake hawajapigana, akajua neno alilolitoa limemponyoka na hawezi kulirudisha. Hiyo ni tanzia ya Kigiriki kabisa, Edipode angempa mkono. Ila mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme tu kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa, kwa sababu anajua lile neno litawafikia wasiozaliwa, na hapo ndo wewe umeona ameshinda na hujakosea. Aliyesoma 1969, uhuru ukiwa na miaka minane, alijua hao wasiozaliwa ni yeye. Tanzia kwa aliyeko jukwaani, kwa aliyekaa kwenye kiti labda siyo.

Akanijibu: "Anko asante, sasa naandika ipi? Mtihani Jumatatu." Nikamwambia andika tanzia, halafu aya ya pili ianze na "lakini".