Neno "sina" na madeni yetu

Kuna mwaka nilikopa ili nimkopeshe mtu. Rafiki yangu alinipigia jioni akiwa na shida, akaomba nimsogeze hadi mwisho wa mwezi. Mfukoni sikuwa na kitu. Badala ya kumwambia hivyo nikamjibu, "Nipe nusu saa," nikafungua programu ya mikopo kwenye simu, nikakopa, nikamtumia. Yeye alichelewa kunirudishia, na riba haikunisubiri. Nilihangaika na deni lile miezi kadhaa, nikifukua shimo jipya ili nifukie la zamani. Kilichoniuma zaidi ni kugundua kwamba sikukopa kwa ajili yake hata kidogo. Nilikopa ili asijue kwamba sina.

Tangu hapo, nikisikia watu wanasema dawa ya kukwepa madeni ni ubahili au mshahara mnono, natikisa kichwa. Nawajua wabahili wanaodaiwa kila kona. Hawanunui kitu kwa bei kamili, lakini wakiona punguzo hawapiti. Nawajua pia wenye vipato vikubwa ambao kila nyongeza ya mshahara huwazalia mkopo mpya. Wale wasiodaiwa ninaowafahamu wanafanana kwa jambo moja: hawaoni haya kusema "sina". Wanalitamka kama mtu anayetaja saa.

Mikopo mingi midogo tunayochukua hainunui kitu, inanunua sura. Tunakopa tusionekane tumeachwa nyuma, tusikose kwenye picha, tusiwe wa mwisho kutoa. Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wahenga, nami ningeongeza kwamba waalikwa wa harusi hiyo hawaji kwenye matanga. Siku ya kulipa unabaki peke yako.

Tabia nyingine ninayoihusudu ni kuuliza swali lisilompendeza mkopeshaji. Yeye anataka uulize, "Kwa mwezi nitalipa kiasi gani?" kwa sababu jibu la swali hilo huwa dogo na tamu. Mtu makini anauliza, "Mpaka nimalize, nitakuwa nimetoa jumla kiasi gani?" Chukua deni la 100 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Ukilipa riba peke yake, yaani 10 kila mwezi, mwaka ukiisha umeshatoa 120 na ile 100 bado iko palepale. Usipolipa chochote, riba ikawa inazaa riba, baada ya miezi 12 unadaiwa karibu 314. Kalamu na karatasi zinatosha kuyaona haya, ila lazima uwe na moyo wa kuishika hiyo kalamu. Mimi nilikuwa sifungui hata ujumbe wa kukumbushwa deni, kana kwamba nisipousoma halipo.

Halafu kuna pesa ya kushikika mkononi. Mwaka 2001 watafiti wawili wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, Drazen Prelec na Duncan Simester, walieleza jaribio ambalo wanafunzi walishindana kwa mnada kutaja bei ya tiketi za mchezo wa mpira wa kikapu. Walioambiwa watalipa kwa kadi ya mkopo walitaja bei za takriban mara mbili ya zile za walioambiwa watalipa taslimu. Noti ikitoka mkononi inauma, na maumivu hayo yana kazi yake. Kubonyeza kitufe hakuumi.

Sitaki lakini nieleweke kwamba kila anayedaiwa ana kasoro ya tabia. Ugonjwa na kufukuzwa kazi havimuulizi mtu kama ana nidhamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima wakulima 464 wa miwa nchini India, kabla ya mavuno wakiwa wamekaukiwa na baada ya mavuno wakiwa na pesa. Watu walewale, akili zilezile, lakini kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi kwenye vipimo vya kufikiri. Ukata wenyewe unakula akili. Kwa hiyo akiba, hata iwe ndogo ya kuchekesha, naiona kama njia ya kununua utulivu wa kichwa kabla shida haijabisha hodi. Kulala usiku mmoja kabla ya kununua kitu nako kunasaidia. Mimi nusu ya matamanio yangu hayafiki asubuhi.

Yule rafiki alinipigia tena mwaka jana. Shida ileile, sauti ileile ya jioni. Niliona mate yananikauka, nikasema, "Ndugu yangu, leo sina." Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, ngoja nijaribu kwingine." Kisha akaniuliza kama nimeangalia mpira wa jana, tukaongea dakika ishirini.