Stima ya Mvuke, Ada ya Dizeli

Mkazi wa Nairobi anayenunua tokeni za stima na kuusoma ujumbe wote, badala ya kubonyeza zile tarakimu 20 kwenye mita na kuufuta, hukuta miongoni mwa makato ada ya mafuta. Fedha hizo hulipia dizeli na mafuta mazito yanayochomwa katika mitambo kama ile ya Kipevu, Mombasa. Ni haki yake kuuliza: ikiwa takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, mbona bado anatozwa mafuta?

Wanaoitetea mitambo ya mafuta wana hoja nzito. Matumizi ya umeme nchini hufika kileleni jioni, kuanzia mwendo wa saa moja, watu wanaporudi nyumbani na kuwasha taa, televisheni na pasi kwa wakati mmoja. Saa hiyo paneli za jua za Garissa hazizalishi chochote. Upepo wa Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, unaozungusha mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, huvuma upendavyo. Mabwawa ya Mto Tana, kuanzia Masinga hadi Kiambere, hungoja mvua, na waliokuwapo wakati wa ukame wa 1999 na 2000 wanaukumbuka mgao wa umeme ulivyoumiza viwanda na nyumba. Mtambo wa dizeli huwashwa unapohitajika na kuzimwa haja ikiisha.

Tatizo ni kwamba hoja hiyo hiyo hutumiwa kutetea makaa ya mawe, ambako haifai kabisa. Kiwanda kilichopangwa kujengwa Lamu kilikusudiwa kuzalisha megawati 1,050, na Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni yake, ikiona kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hata tukiuweka kando moshi na majivu yake, mtambo wa makaa huchukua saa nyingi kupata moto na hujengwa ili ufanye kazi mchana na usiku. Usingeiondoa dizeli ya jioni. Ungeshindana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, karibu na Naivasha, ambao tumekuwa tukiuvuna tangu 1981 na ambao hautuhitaji kununua mafuta kutoka nje.

Na hapa ndipo penye uchungu. Usiku wa manane, matumizi yanaposhuka, Olkaria hulazimika kupunguza uzalishaji, na mvuke mwingine huachwa upotelee hewani kwa sababu visima havifungwi na kufunguliwa kama bomba la jikoni. Saa chache baada ya kuchoma dizeli tunatupa nishati yetu wenyewe. Bei nafuu ya kuchaji bodaboda na mabasi ya umeme usiku, iliyoanza 2023, inasaidia, lakini betri kubwa za kuhifadhi umeme kwa ajili ya jioni zingesaidia zaidi.

Nishati jadidifu, yaani isiyokwisha kama upepo na jua, nayo isisafishwe kupita kiasi. Mitambo ya upepo ya Loiyangalani ilikamilika 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme hadi Suswa ilichelewa na mradi haukuunganishwa na gridi hadi Septemba 2018, huku gharama ya kuchelewa ikimwangukia Mkenya. Mwaka wa 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi huo zilipatikana bila kufuata utaratibu. Mfugaji aliyepoteza malisho hafarijiki kwa kuambiwa kwamba upepo hauchafui hewa.

Kwa maoni yangu, mitambo ya dizeli iliyopo ibaki kama akiba ya jioni na ya miaka ya ukame, bila kuongezewa mikataba mipya ya muda mrefu ambayo mteja huilipia hata mtambo ukiwa umelala. Fedha za mikataba hiyo zielekezwe kwanza kwenye betri na njia za kusafirisha umeme, na ardhi ijadiliwe na wenyeji kabla ya nguzo ya kwanza kusimamishwa.