Rungwe Ule Pale

Wa kwanza kulaumiwa ni mwenzangu wa kazini. Ni Mnyakyusa, na Mnyakyusa akianza kuisifia Tukuyu hakuna wa kumzima. Tulikuwa Mbeya mjini kwa semina ya siku nne, mwezi Aprili, na kila chai ilipoletwa lazima ailinganishe na chai ya kwao. Maziwa ya kwao. Ndizi za kwao, mkungu mmoja wanaubeba watu wawili. "Kaka, usirudi Dar hujauona Rungwe. Utaamka, ufungue dirisha, mlima huo mbele yako."

Mimi ni mtu wa Mbagala. Mwinuko mkubwa niliouzoea ni ngazi za daraja la waenda kwa miguu. Nikampigia mama watoto, nikamwambia nabaki siku mbili nipumzishe kichwa.

Akanyamaza kidogo. "Tukuyu," akasema. "Haya. Nitumie picha."

Ijumaa semina ilipofungwa nikadandia kosta. Pale Uyole jua lilikuwa linawaka, nami nimevaa fulana, na begini nina mashati mawili ya mikono mifupi, ndala na kaptula. Kaptula! Yule bwana katika sifa zake zote hakutaja hata kwa bahati mbaya kwamba Tukuyu ni kati ya miji inayonyeshewa mvua nyingi kuliko yote Tanzania. Tulipokaribia Isyonje abiria wakaanza kuchomoa makoti na vitenge kwenye mifuko, kimya kimya, kama watu waliokonyezana. Mama mmoja aliyepakata kuku akanitazama mikono ilivyosimama vinyweleo, akasema, "Pole, mwanangu." Kuku naye akanitazama. Nikajibu "ndaga", ambalo ndilo neno pekee la Kinyakyusa nililokuwa nalo. Maana yake ni asante, na kwa siku mbili zile nililitumia hadi mahali pa kutoa machozi.

Gesti niliyoelekezwa ilikuwa na bei mbili. Chumba cha kawaida 20,000, chumba cha kutazama mlima 30,000. Nikalipa 30,000 mara mbili, taslimu, kwa mikono inayotetemeka. Mhudumu akavuta pazia kwa mbwembwe.

Nje palikuwa peupe. Siongelei ule ukungu wa kuona mti kwa mbali. Peupe, kama mtu katundika shuka nje ya dirisha.

"Dada, mlima uko wapi?"

"Rungwe ule pale." Akanyoosha kidole.

"Pale wapi?"

"Pale, kaka. Nyuma ya ukungu."

Huu ni mlima wa karibu mita 3,000. Kitu cha namna hiyo kinafichwaje? Baadaye mzee mmoja aliyekuwa anaota moto jikoni alinieleza: upepo unapanda kutoka Ziwa Nyasa umebeba maji, ukikutana na mlima unatua mzigo, na sisi ndio tuliokaa chini ya mzigo. Akasema Mjerumani naye aliyakuta hayahaya, akajenga boma lake hapahapa na mji akauita Neu Langenburg. Sikumshangaa Mjerumani. Alikuja na makoti.

Nikapiga picha dirishani, nikamtumia mama watoto. Jibu likarudi: "Huo ukuta wa nani?"

Mlangoni mwa bafu palikuwa na maandishi, MAJI YA MOTO SAA 24. Saa moja jioni umeme ukakatika. Nikaenda kuuliza, nikaambiwa kwa upole kabisa, "Maji ya moto yapo, kaka. Umeme ndio hakuna." Wakaniinjikia maji kwenye kuni, ndoo ikaletwa. Ila kutoka jikoni hadi chumbani kwangu kulikuwa na ua mzima wa mvua. Maji yalipofika yalikuwa vuguvugu, na nilipomaliza kuvua shati yalikuwa yamesharudi hali yake ya mtoni. Nikaoga kama paka. Usiku nikalala na fulana, mashati yote mawili, soksi, na taulo shingoni, juu ya shuka zenye unyevu wa kitu kilichoanuliwa kabla hakijakauka. Kaptula niliivaa kichwani. Sikutarajia ingefaa, lakini ilifaa.

Nisiwe mwongo, chakula kilikuwa kitamu. Ndizi za maharage, parachichi kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, chai ya maziwa unayoishika kwa mikono miwili. Kama ningekula nikageuza siku ileile, leo ningekuwa naisifia Tukuyu kuliko mwenzangu.

Lakini Jumamosi nikaenda Ngozi.

Ngozi ni ziwa lililokaa ndani ya shimo la volkano, juu kwenye milima ya Uporoto. Kijana aliyenitembeza alivaa gambuti. Mimi nilivaa raba nyeupe. Saa nzima msituni, tope linavuta mguu kama lina deni nalo, na kule mwisho unapanda kwa kushika mizizi. Nilianguka mara nne. Mara ya tatu nilikaa palepale nilipoangukia, nikafikiria watoto wangu. Kijana akanipa mkono, akaniambia, "Jikaze, mzee." Asubuhi nilikuwa kaka.

Tukafika ukingoni. Kijana akafungua mikono kama mtu anayezindua kitu. "Karibu Ngozi! Moja ya maziwa makubwa ya kreta Afrika!"

Peupe.

"Liko hapo chini," akasema, "kama mita 200 hivi. Leo maji ni ya kijani."

"Umeyaonaje?"

"Huwa ya kijani."

Nikasimama ukingoni akanipiga picha. Nikaitazama: mtu mwenye tope hadi kiunoni, nyuma yake hakuna dunia. Mtandao ulipopatikana barabarani nikaituma. Mama watoto akajibu, "Uko studio?" Halafu, kabla sijaandika kitu: "Tukuyu gani haina hata mti? Kama uko hapahapa Dar sema tu, mume wangu." Mke wangu akiniita mume wangu, ujue kuna kesi.

Jioni nimelowa, meno yanagongana, nikapita sokoni kutafuta koti la mtumba. Umeme bado. Muuzaji anamulika kwa tochi ya simu, na tochi yenyewe anammulika mteja wa viatu. Nikashika kitu kizito, kina manyoya shingoni. Nikavaa. Lilinibana kidogo kiunoni na mikono iliishia juu ya viwiko, lakini joto! Joto la kweli! "Limekukaa, bosi," akasema yule bwana, gizani. 8,000. Sikupatana hata bei. Nikamwambia ndaga, nikalala nalo.

Jumapili asubuhi ukungu ukafunguka. Mlima haukutoka, tusidanganyane, ila ilionekana migomba ng'ambo ya barabara, na kibao cha gesti kikasomeka vizuri: TUKUYU. Nikamkimbilia mhudumu na simu. "Dada, nipige hapa, kibao kitokee chote!" Nikasimama chini ya kibao, nikatabasamu, nikanyoosha dole gumba. Picha ikatoka safi. Nikaituma bila hata kuikagua, kwa kiburi cha mtu aliyesafishwa na mahakama.

Simu ikaita hapohapo.

"Nimekiona kibao," akasema. "Hilo koti la nani?"

Nikajitazama. Ndiyo mara ya kwanza naliona koti langu mchana. Lilikuwa la rangi ya waridi. Kiuno kimekatwa, mfukoni pametariziwa maua, na vifungo vimekaa upande wa kina mama.

"La kwangu. Nimenunua."

"Na anayekupiga picha nani?"

"Mhudumu."

"Wa kike?"

Mtandao ukakatika, nami nikaushukuru, nikijua fika kuwa naongeza kosa.

Kosta ya kurudi Mbeya nililala fofofo, kwa joto la lile koti. Nilipozinduka Uyole jirani yangu akaniambia, kwa furaha kabisa, kwamba Rungwe ulitoka wote tulipoondoka, kuanzia chini hadi kileleni. "Ulikuwa upande wako," akasema.

Nilifika nyumbani kesho yake usiku. Sikusalimiwa, niliambiwa "lete". Nikatoa koti. Akaligeuza, akalinusa, akapekua mifuko, akaibuka na kikaratasi. Nikakipokonya kwa shangwe: tiketi ya zamani ya treni, imeandikwa Kijerumani! "Si unaona? Mtumba! Mwenyewe yuko Ujerumani huko!"

Hakujibu. Alilivaa koti mbele ya kioo, katika joto la Mbagala, akavuta kifungo cha kwanza. Hakikufika. Akabana pumzi, akavuta tena. Hakikufika.

"Mwembamba," akasema polepole, akinitazama kwenye kioo. "Na nauli ya Ulaya anayo."