Mtu wa Tanga Katika Matanga ya Lola

Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, na hadi nilipofikia umri wa kuoa sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba jina la mji wetu lina kasoro. Kasoro hiyo niliifahamu California, usiku wa pili wa matanga ya bibi wa mke wangu, nikiwa nimeshika usukani na kando yangu ameketi bibi kizee wa Kifilipino aliyekuwa akiipiga dashibodi kwa mkoba wake huku akilitaja jina hilo kwa sauti kuu. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Nianze na marehemu mwenyewe. Tulimwita Lola, ambalo kwa Kitagalogi, lugha ya Wafilipino, ni bibi tu. Alikuwa mtu wa Batangas, kusini mwa Manila, kunakotoka kahawa iitwayo barako, ambayo ukinywa kikombe kimoja jioni utawasikia majogoo wote wa alfajiri. Alifika Marekani mwaka 1969 akiwa muuguzi. Alipenda kutueleza kwamba sheria ya mwaka 1934 iliwaruhusu Wafilipino 50 tu kuhamia Marekani kila mwaka, idadi ambayo isingewatosha hata binamu zake wa upande wa mama, na kwamba mwaka 1946 waliongezwa wakawa 100, labda ili wale wa upande wa baba nao wasinune. Mlango hasa ulifunguka kwa sheria ya mwaka 1965, na hospitali zenye upungufu wa wauguzi zikawachangamkia watu kama yeye, waliokuwa wamesomea kazi hiyo kwa Kiingereza, kwa utaratibu ulioachwa na Wamarekani wenyewe walipoitawala nchi yao. Alifanya zamu za usiku kwa zaidi ya miaka 30, akanunua nyumba Daly City, mji wa ukungu na wa Wafilipino wengi ulio kusini tu ya San Francisco, na sebuleni, mahali ambapo watu wengine huweka kabati la vyombo, yeye akaweka boksi.

Boksi hilo ndilo lililonipatia nafasi katika ukoo. Huitwa boksi la balikbayan, yaani la mwenye kurudi nyumbani, na husafirishwa kwa meli hadi Ufilipino kwa bei ya boksi zima wala si kwa kilo, hivyo kuacha nafasi ya kuingia kidole ni sawa na kutupa fedha. Lola alitia sabuni ndani ya viatu, akazungushia taulo makopo ya nyama, akaziba pembe kwa chokoleti, kisha lilipogoma kufunga aliniita nilikalie, naye akapita pande zote akivuta utepe wa gundi na kuukata kwa meno. Mke wangu ana kaka watatu, lakini wote ni wembamba.

Siku niliyotambulishwa ilianza vibaya. Niliamkia shikamoo nikainama kumbusu mkono, kama tunavyofanya pwani. Kwao kijana huushika mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji lake la uso, kwa hiyo wakati mimi nashuka na midomo, Lola alikuwa akiuinua mkono kulitafuta paji langu, na kidole chenye pete kikanigonga puani. Nikakaribishwa kiti huku machozi yakinitoka. Tukajaribu kutafuta maneno tunayoshirikiana, na yalikuwepo: wao husema mesa, sisi meza, wao sabon, sisi sabuni, wao bandera, sisi bendera. Tulikuwa tumekwisha kuwa ndugu aliponiuliza ninatoka wapi.

“Tanga,” nikajibu.

Lola akaweka kikombe chini. “Tanga?”

“Tanga.”

“Wewe?”

“Mimi, na baba yangu, na babu yangu. Ukoo wetu wote ni wa Tanga.”

Alicheka hadi akavua miwani. Alipopata pumzi alinifundisha kulisema jambo hilo kwa Kitagalogi sanifu, “Taga-Tanga ako,” na tangu siku hiyo kila mgeni aliyeingia nyumbani mwake niliitwa jikoni nije nijitambulishe. Kwa miaka minne nilijitambulisha. Niliyaona macho ya watu yakilowa, nikaamini kwamba Wafilipino ni watu wepesi wa kuguswa na habari za asili ya mtu.

Lola alifariki mwaka juzi. Aliwekwa katika ukumbi wa msiba huko Colma, kimji kilichopakana na Daly City ambacho wakazi wake walio hai hawafiki 2,000, ilhali waliozikwa humo wanapita milioni moja, kwa sababu San Francisco ilikataza maziko mapya mwanzoni mwa karne iliyopita na hatimaye ikawahamishia huko hata waliokwisha kuzikwa. Watu huja jioni kusali rozari, kula, kutoa rambirambi na kuzungumza. Mkesha huo wao huuita lamay. Mengi yalinifanya nijione nipo kwetu, hata ile hesabu ya siku ya arobaini. Mke wangu alikuwa mbele akiongoza sala, nami nilipewa kazi moja tu, ya kugawa maji ya chupa.

Basi nikiwa na chupa zangu niliona jambo la aibu. Wageni walikuwa wakiondoka, tena wazee wenye mikongojo, na hakuna mfiwa hata mmoja aliyenyanyuka kuwasindikiza. Mama mkwe alitazama tu. Mashemeji walitazama tu. Ninyi mnaojua malezi ya Tanga mtanielewa: mgeni wa msibani umwache atoke peke yake kama aliyekuja kudai deni? Nikaziweka chupa chini.

Wa kwanza alikuwa mzee aliyevaa barong, ile shati yao nyeupe ya kitambaa chepesi. Nilipomshika mkono akasema, “Huwag na, huwag na,” yaani basi, usijisumbue. Sasa kwetu anayesema “rudi tu, panatosha” ndiye hasa anayependa asindikizwe, kwa hiyo nikaushika mkono barabara. Akaongeza mwendo. Nami nikaongeza. Tulifika kwenye gari lake tukihema wote wawili, nikamfungulia mlango na kumshukuru kwa kuja, na aliondoka kabla hajawasha taa. Mpaka kufikia saa mbili na nusu nilikuwa nimewasindikiza watu 11. Niligundua kwamba wengine wameanza kutokea mlango wa jikoni, nikahamia huko. Mama mmoja alivuka maegesho mbio, viatu mkononi, nikahuzunika kwamba huenda amepata habari mbaya. Baadaye nilipata kujua kwamba shemeji mdogo alikuwa akinirekodi kwa simu.

Yule bibi kizee nilimkuta nje akimsubiri mjukuu wake. Alikuwa muuguzi, mwenzake Lola wa zamu za usiku. Mtu kama huyo asimame kwenye ukungu wa Colma? Nilimwingiza garini, nikamfunga mkanda, nikamuuliza mtaa. Akasema tupitie kwanza duka la donati. Nikamwambia kwa upole kwamba sukari usiku huu si nzuri kwa umri wake, na kwamba ningemfikisha kwake moja kwa moja.

Hapo ndipo mkoba ulipoanza kazi. “Tanga!” akapiga. “Tanga! Tanga ka ba?”

Hebu fikiria: mwaka mzima sijakanyaga nyumbani, na katika usiku wa huzuni namna ile anatokea mtu anaukumbuka mji wangu. Nilimsimulia habari za mapango ya Amboni, mkonge, upepo wa Raskazone na baiskeli zetu. Kisha, kwa kumpa heshima yake, nikamalizia kwa Kitagalogi: “Opo, Lola. Taga-Tanga ako.”

Akanyamaza. Alinitazama upande hadi tukafika kwenye taa nyekundu. “Kumbe ndiye wewe,” akasema, akaanza kucheka kicheko kilekile cha kuvua miwani.

Alinieleza yote kwa Kiingereza cha taratibu, kama anayemweleza mgonjwa habari za upasuaji. Mfiwa hamsindikizi mgeni wa lamay, kwa maana msiba humfuata mgeni huyo hadi kwake. Mgeni naye haendi nyumbani moja kwa moja. Hupita kwanza mahali pengine, popote, ili kilichomwandama kipotee njia, na huko huitwa kupagpag, yaani kujikung'uta. Na tanga, kwa Kitagalogi, ni mjinga. Lola aliwakataza watu wote wasiniambie, mke wangu akiwa wa kwanza kuapishwa, na kila alipozungumza na rafiki zake kwa simu aliwaambia kwamba mjukuu wake amepata mume mkweli kuliko wanaume wote.

Nikageuza gari, tukaenda kwenye donati. Mlangoni aliniamuru nivue koti nilikung'ute, nikalikung'uta. Tulipoingia nikakuta meza tatu zimejaa: mzee wa barong, mama wa viatu, na karibu wote niliowasindikiza, wakijikung'uta kwa kahawa, nafikiri zaidi kutokana na mimi kuliko maiti. Mazungumzo yakakatika. Mzee wa barong aliushika mkongojo wake. Yule bibi akasema maneno mawili matatu kwa Kitagalogi, ambamo nilisikia jina la mji wangu, na duka zima likaangua kicheko, baadhi wakifuta machozi, maana wote walikuwa wamewahi kusimuliwa.

Ilipopita saa nne walianza kutazamana, kila mmoja akitaka kuondoka na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kusimama. Ikanibidi niape kwamba sitanyanyuka. Wakatoka mmoja mmoja, wakigeuka kunichungulia, nami nimeketi palepale, mikono yote miwili nimeishikilia mesa.