Jumapili Padre Asipokuja

Kigango, yaani kanisa dogo la Kikatoliki lililo chini ya parokia, kinachopata Misa mara moja kwa mwezi kina Jumapili 12 za Misa katika mwaka na Jumapili 40 za Ibada ya Neno, yaani masomo na sala bila Misa, inayoongozwa na katekista, mwalimu wa dini asiye padre. Imani ya kijiji, kwa sehemu kubwa, inalelewa katika hizo 40. Hata hivyo, nguvu zote huwekwa kwenye zile 12: kwaya inafanya mazoezi, kanisa linadekiwa, maua yanabadilishwa. Padre asipokuja, msomaji anatafutwa mlangoni dakika tano kabla ya ibada kuanza, na nusu ya watu hufika wakati wa Komunyo. Halafu tunashangaa vijana wakisema, "Leo hakuna kitu, ni ibada tu."

Maoni yangu ni kwamba ibada hii inadharauliwa kwa sababu tunaiendesha kama Misa iliyokatwa katikati. Ukichukua Misa ukaondoa sala ya Ekaristi, ambayo padre hugeuzia mkate na divai, kinachobaki kitaonekana pungufu, hata kwa mtoto. Lakini Kanisa halikuipanga hivyo. Mwongozo wa ibada za Jumapili pasipo padre, uliotolewa na Vatikano tarehe 2 Juni 1988, unaipa umbo lake: mwanzo, Liturujia ya Neno, shukrani, Komunyo na mwisho. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1248, zinawahimiza sana waamini wasioweza kupata Misa washiriki Liturujia ya Neno kanisani, au wasali kwa muda wa kutosha mmoja mmoja, kama familia au familia kadhaa pamoja.

Kabla ya yote lipo swali ambalo viongozi wengi hulipita haraka: je, kweli hakuna Misa inayofikika? Kama kanisa la jirani lina Misa na watu wanaweza kwenda, waende. Na pale ambapo Misa imeshaadhimishwa Jumapili hiyo, au jioni ya Jumamosi yake, ibada hii haifanyiki. Hairudiwi mara mbili siku hiyohiyo pia, eti kwaya nyingine nayo ipate zamu.

Sasa, makosa yanaanzia kwenye kiti. Katekista mlei, yaani asiye padre wala shemasi, haketi kwenye kiti cha padre. Anaongoza akiwa mmoja kati ya wenzake. Hasemi "Bwana awe nanyi," na mwishoni hainui mkono kubariki. Anajiunganisha na wengine: "Bwana atubariki, atukinge na mabaya, na atufikishe kwenye uzima wa milele." Tofauti kati ya "awabariki" na "atubariki" ni silabi moja tu, ila humo ndimo waamini wanapojifunza bila kufundishwa kuwa upadre ni nini. Altare nayo haitumiki tangu mwanzo. Masomo yanasomwa kwenye mimbari, sala zinaongozwa kutoka mahali pengine panapoonekana, na altare inakaribiwa wakati wa Komunyo tu, ili kuweka siborio, chombo cha hostia, juu ya korporale, kile kitambaa cheupe cha altareni. Sadaka ya fedha ikikusanywa isipelekwe altareni kwa maandamano, kwa kuwa hakuna mkate na divai vya kutolewa. Ihesabiwe na watu wawili baada ya ibada na kiasi kiandikwe siku hiyohiyo.

Penye utajiri hasa ni kwenye Neno, na hapo ndipo ningetaka kigango kitumie nguvu zake. Masomo yapewe wasomaji Jumapili iliyotangulia, kabla hawajatawanyika. Msomaji ayasome nyumbani kwa sauti walau mara tatu: mara ya kwanza aelewe nani anasema na nani, mara ya pili atafute pa kupumua, mara ya tatu ayatamke majina magumu bila kusita. Barua za Mtume Paulo ndizo huharibika zaidi, kwa kuwa sentensi zake ni ndefu na msomaji asiyejiandaa hukata pumzi katikati ya wazo; watu wanasikia maneno, maana inapotea.

Kosa lingine ni kusoma mwaka usio wake. Masomo ya Jumapili yanazunguka kwa miaka mitatu, A, B na C. Kanuni yake ni nyepesi: mwaka unaogawanyika kwa tatu bila baki ni C, kwa hiyo 2025 ni C, 2026 ni A na 2027 ni B. Mtego uko kwenye Majilio, majuma ya kujiandaa kwa Noeli. Mwaka wa Kanisa unaanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, ambayo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, wakati kalenda ya ukutani bado inaonyesha mwaka wa zamani. Wiki hizo za mwisho wa mwaka ndizo wengi hufungua ukurasa usio wenyewe.

Baada ya kila somo kuwe na kimya, walau nusu dakika, ikipimwa kwa saa. Kimya kinawatisha viongozi wetu. Wakikisikia tu wanaanzisha wimbo. Wakiachie. Mahubiri kwa maana yake rasmi ni ya padre au shemasi, hivyo njia iliyo bora ni paroko, padre anayesimamia parokia, aandike maelezo ya ukurasa mmoja na katekista ayasome. Paroko anayesema hana muda wa ukurasa mmoja kwa ajili ya Jumapili 40 za watu wake, nadhani apange upya wiki yake. Maombi ya waamini nayo yana mpangilio: mahitaji ya Kanisa, viongozi na wokovu wa dunia, wenye taabu, kisha jumuiya yenyewe. Hapo mwisho ndipo wagonjwa na wafiwa wa kijiji watajwe.

Shukrani ndiyo sehemu inayosahaulika kabisa, wakati ndiyo ingeipa ibada hii uzito wake. Baada ya maombi ya waamini, au baada ya Komunyo, watu wote wanamshukuru Mungu kwa zaburi, wimbo au litania, yaani sala ya kupokezana. Zaburi ya 100, ya 136 au ya 150 zinafaa, na hata utenzi wa Bikira Maria. Ya 136 ina kiitikio katika kila mstari, kwa hiyo hata asiyejua kusoma anashiriki yote. Jambo moja tu la kuangalia: shukrani hii isijengwe kwa maneno ya sala ya Ekaristi wala utangulizi wake. "Inueni mioyo," mwaliko wa padre unaoanzisha sala hiyo, ibaki mahali pake.

Komunyo inahitaji hesabu. Hostia, yaani mikate ya Komunyo, zilizogeuzwa katika Misa ya mwisho zinatakiwa zitoshe hadi padre atakaporudi, lakini zisikae muda mrefu, maana unyevu huziharibu. Kanuni ya 934 inataka mahali panapotunzwa Ekaristi pawe na mtu wa kuitunza na, kadiri inavyowezekana, Misa walau mara mbili kwa mwezi. Kwa hiyo kigango chenye Misa moja kwa mwezi kiongee na paroko kabla ya kuamua kuhifadhi. Mara nyingi ni afadhali mhudumu wa Komunyo azilete kutoka kwenye Misa ya parokiani ya Jumapili hiyohiyo. Akishapokea chombo, aende moja kwa moja, bila kupitia sokoni wala kukaa na salamu njiani. Tabenakulo, kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, iwe imara, isiyoonyesha ndani, imefungwa, taa yake ikiwaka. Ufunguo usining'inizwe msumarini nyuma ya mlango. Hostia ikianguka, iokotwe kwa utulivu na kuliwa, au iyeyushwe kwenye maji, kisha mahali ilipoangukia paoshwe.

Na kama hostia hazipo, ibada iendelee. Watu hawajafika bure. Hapa najua wapo watakaonipinga, lakini naona Jumapili ambayo Neno limesomwa vizuri bila Komunyo inaamsha njaa ya Misa kuliko Jumapili ya Komunyo iliyogawiwa harakaharaka kwa waliochelewa.

Kabla ya kutawanyika, majina ya wasomaji wa wiki ijayo yatangazwe na wakabidhiwe masomo yao. Katekista abaki na daftari. Aandike tarehe, idadi ya watu, wangapi walipokea, hostia ngapi zimebaki, mgonjwa gani apelekewe Komunyo, na mtoto gani amebatizwa katika hatari ya kufa. Huyo wa mwisho aandikwe jina lake, la wazazi, la msimamizi na la aliyebatiza, kwa sababu paroko lazima aliingize kwenye kitabu cha ubatizo. Likikosekana humo, miaka 20 baadaye kijana huyo atakwama siku atakapotaka kufunga ndoa. Padre akifika kwa Misa yake ya mwezi, aombe daftari hilo kwanza, kabla hajavaa alba, kanzu yake nyeupe ya Misa.