Mama anauliza mbona siendi tu nikawaulize

Kila Ijumaa nikipiga simu nyumbani Lamu, mtaa wa Langoni, mama lazima aniulize, ule mswada wako wa riwaya washajibu? Nikimwambia bado anasema sasa si uende ukawaulize mwanangu, si uko hukohuko Uingereza, kwani nauli ni ngapi? Kumweleza kwamba huku huendi ndio huwa kazi. Ofisi za maajenti niliowatumia ziko London, mimi niko Leicester, treni ni saa moja na kitu tu, lakini ukitokea mlangoni kwa ajenti wa vitabu umejiharibia, na ukipiga simu pia umejiharibia.

Kwa msiojua, huku wachapishaji wengi wakubwa hawapokei mswada kutoka kwa mwandishi mwenyewe, lazima upitie kwa ajenti. Unamtumia imeili ya kujitambulisha, muhtasari wa hadithi na sura tatu za mwanzo, akivutiwa ndio anaitisha mswada wote. Kwenye tovuti yake anaandika atajibu baada ya muda gani, wengi wanasema wiki 6 mpaka 12, na wapo wanaosema wazi kabisa ikipita wiki ya 12 hujasikia kitu basi jua hawautaki.

Hapo kwenye kunyamaziwa ndio pananiuma. Nakumbuka marehemu baba alipoagiza mlango kwa fundi, kila siku akitoka kusali alasiri anapitia pale anakaa barazani na mimi nimemfuata nyuma, fundi hata haachi patasi, anachonga huku anajibu, mzee hii mbao bado haijakauka nikiikaza saa hii itapasuka. Tunarudi nyumbani. Ule mlango ulichukua miezi minane lakini hakuna siku hatukujua umefika wapi. Hata hodi tumefunzwa tupige tatu, usipoitikiwa rudi na usikasirike, lakini Lamu kabla hujarudi jirani atachungulia dirishani akwambie wenyewe wameenda Shela rudi magharibi. Huku hakuna wa kuchungulia. Najua wanapokea maombi mengi sana na kazi yao kubwa ni wale waandishi walionao tayari, hilo nawapa haki yao, lakini mistari miwili ya kumwambia mtu hapana haimmalizi mtu siku.

Lakini sitaki mtu aseme napasifia nyumbani bure, maana nyumbani niliumia zaidi na sehemu ya kosa ni langu. Mwaka 2016 nilibeba riwaya yangu ya kwanza, nimeichapa na kuitia spairo pale karibu na ngome, nikavuka Mokowe nikapanda basi mpaka Nairobi kwa mchapishaji mmoja. Kwetu kazi unampa mchapishaji mwenyewe, na mkate wao wengi ni vitabu vya shule kwahivyo riwaya inasubiri zamu yake. Dada wa mapokezi akaandika jina langu kwenye daftari, nikarudi zangu. Miaka mitatu sikuuliza! Niliona haya, niliona kuuliza ni kama kuombaomba, wakitaka watanitafuta. Nilipokuja kuuliza nikaambiwa mhariri aliyepewa aliondoka kitambo na hakumkabidhi mtu. Simu moja tu ingeniambia hivyo mwaka ule ule.

Ndio maana nawaambia vijana wa kwetu mnaoandika, kufuatilia kazi yako sio kuombaomba, ni haki yako. Subiri muda waliosema uishe, ongeza wiki moja, alafu jibu ndani ya imeili ileile uliyotuma mwanzo, mistari minne inatosha, jina la kitabu, tarehe uliyotuma, na uulize kama bado wanaufikiria, usitume sura upya. Kama wameitisha mswada mzima basi una haki zaidi ya kuuliza. Na siku ukipata ajenti anayekutaka waarifu wote wengine siku hiyohiyo uwape kama wiki mbili, utashangaa waliolala watakavyoamka. Lakini anayekudai pesa ili asome huyo mkimbie, ajenti wa kweli analipwa kitabu kikiuzwa, kawaida asilimia 15 kwa mauzo ya hapa na 20 kwa ya nje.

Mimi nimetuma kwa maajenti tisa, ile riwaya yangu ya pili niliyoandika kwa Kiswahili nikaifasiri mwenyewe usiku usiku baada ya zamu. Wanne wamekataa, wanne kimya, mmoja aliitisha mswada wote na wiki hii ilikuwa ya 14. Jumanne usiku nikamwandikia ile mistari yangu minne, mikono inatetemeka wallahi. Alhamisi akajibu, samahani nimechelewa, nimefika katikati, nipe mpaka mwisho wa mwezi.

Jana nikampigia mama nikamwambia mbao bado haijakauka. Akasema haya, na muache fundi afanye kazi yake, ila mwisho wa mwezi upitie tena.