Furu walitokana na mchanganyiko: je, mchanganyiko huohuo utawarudisha?

Kwenye mialo ya Mwanza, kule mitumbwi inakoshusha samaki, furu ni chambo. Mvuvi wa ndoano humtumia kumnasa sangara, kwa sababu pesa iko kwa sangara: minofu inasafirishwa nje ya nchi, mabondo, yaani vibofu vyake vya hewa, yanagombewa na wanunuzi, hata mapanki, mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, yana wateja wake. Lakini kwa wanabiolojia duniani, samaki aliyelipa Ziwa Victoria sifa ni huyuhuyu furu mdogo mwenye miiba. Utafiti wa miaka ya karibuni umeeleza alikotoka, na maelezo hayo yamezaa hoja mbili zinazovutana. Kwetu tunaokaa kando ya ziwa, uamuzi kati ya hoja hizo una uzito.

Kiasi cha miaka 15,000 hadi 17,000 iliyopita, ziwa hili lilikuwa limekauka. Maji yalirudi, na tangu hapo zikatokea spishi zipatazo 500 za furu: wala mwani, wavunja makonokono, wala samaki wachanga wa jamii yao wenyewe, wawindaji. Kasi hiyo haina mfano wa karibu miongoni mwa wanyama wenye uti wa mgongo. Mwaka 2017, wanabiolojia Joana Meier, Ole Seehausen na wenzao walionyesha kwamba zamani zaidi, kama miaka 150,000 iliyopita, koo mbili za samaki zilikutana katika ukanda huu na kuzaliana, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nili ya juu. Uzao wao ulirithi hazina kubwa ya jeni, na spishi za baadaye zikaichota humo. Kisha mwaka 2023 ukatoka utafiti wa meno ya samaki yaliyofukiwa kwenye tope la chini ya ziwa. Ulionyesha kuwa maji yaliporudi, furu hawakufika peke yao. Samaki wa jamii nyingine walikuwapo tangu mapema, lakini furu ndio waliolitawala ziwa, kando na katikati.

Wenye matumaini wanaanzia hapo. Kama mchanganyiko ndio uliowazaa furu, wanasema, kwa nini tulie sana? Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka kwa kishindo miaka ya 1980, na furu wanaokadiriwa kufikia spishi 200 au zaidi wakatoweka. Lakini sangara alipopungua kwa kuvuliwa sana, baadhi ya furu walirudi. Mmoja wao, Haplochromis pyrrhocephalus wa Ghuba ya Mwanza, alirudi akiwa na matamvua makubwa kuliko ya wazee wake, yanayomfaa katika maji yenye oksijeni haba, na mlo wake ulikuwa umebadilika. Yote hayo ndani ya miongo miwili. Ushahidi huu siubezi. Umenifurahisha kuliko habari nyingi za ziwa letu.

Tatizo ni kwamba mchanganyiko unaoendelea leo unafanya kazi kinyume.

Chukua furu wawili wa miambani. Pundamilia pundamilia, dume lake ni la buluu na hukaa karibu na uso wa maji. Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu, dume lake ni jekundu na hukaa chini kidogo, ambako mwanga unaofika una wekundu zaidi. Jike humchagua dume kwa rangi. Maabara, majike waliowekwa chini ya mwanga mweupe walichagua madume wa spishi yao. Mwanga ulipofanywa wa rangi ya machungwa, ule unaoficha tofauti ya rangi, upendeleo ukapotea. Ziwani ni hivyohivyo. Teremsha sahani nyeupe ya kupimia uangavu wa maji pale Makobe, kisiwa kilicho nje ya Ghuba ya Mwanza: utaiona hadi zaidi ya mita mbili, na hapo wekundu na buluu ni spishi mbili kamili. Iteremshe Luanso, ndani kabisa ya ghuba: inapotea kwenye nusu mita, na samaki wake ni kundi moja lililochanganyika.

Kwa hiyo siafikiani na wanaosema furu watajirudisha wenyewe. Mchanganyiko wa kale ulizaa wingi kwa sababu baada yake ziwa liliwapa samaki namna ya kutengana: vina tofauti, miamba na mchanga, mwanga wa kuonana. Tukiondoa mwanga, jeni zitabaki lakini spishi zitayeyuka. Na hili hatuwezi kumtwika sangara, ambaye analisha familia nyingi za mkoa huu. Linatoka nchi kavu: udongo unaosombwa na mvua kutoka mashamba ya miteremkoni, mbolea, na maji machafu ya mji yanayoingia ziwani, mengine kupitia Mto Mirongo unaokatiza katikati ya Mwanza.

Wenye matumaini wana haki katika jambo moja kubwa: jeni bado zipo, na samaki hawa hubadilika haraka wakipewa nafasi. Ndiyo maana nguvu ya kwanza ningeielekeza kwenye visiwa kama Makobe, ambako furu bado wanatambuana kwa rangi, kabla ya kuhangaika na kundi la Luanso. Uangavu wa maji yake upimwe mara kwa mara kama tunavyopima akiba ya sangara, na matokeo yatangazwe mialoni, wavuvi wayajue.